Kasi ya diski hutegemea pia tundu inapochomekwa
Ni kweli kwamba programu na faili za video zikikaa kwenye diski moja inayozunguka, kichwa cha kusomea hurukaruka huku na huko na video hukwamakwama. Lakini wanaodai dawa ni kununua SSD tu, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, wamesahau tundu. Mpiga video za harusi wa Dindira, huko milimani Korogwe, akichomeka SSD kwenye tundu la USB 2.0, ambayo kwa vitendo hupitisha megabaiti 40 hivi kwa sekunde, SSD hiyo itapitwa na diski ya kawaida iliyofungwa ndani ya kompyuta, inayoweza kufikisha 150. Afadhali SSD ifungwe ndani ibebe kazi inayoendelea, na diski ya nje yenye nakala ichomolewe kila kazi inapokwisha, kwani umeme ukirudi kwa nguvu huweza kuunguza zote zilizochomekwa.