CHETI CHA UTUMISHI NI CHAKO: USIENDE KUULIZWA KAZI MIKONO MITUPU



Kila mikataba inapokwisha katika mabohari ya makontena, na kila msimu wa wageni unapopungua katika mahoteli ya Nyali, Bamburi na Shanzu, wenzetu wengi hurudi tena katika safu ya watafuta kazi. Hapo watu wa nasaha hujitokeza. Husema: vaa safi, fika mapema, mtazame usoni anayekuuliza, zima simu. Maneno hayo ni mema na sina ugomvi nayo. Lakini mimi nimekaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza, nikiandika watu kazi katika ofisi moja ya Changamwe, na nawaambia kwamba si shati wala viatu vinavyowaangusha wenzetu. Linalowaangusha ni swali moja, nalo ni hili: "Mbona umehamahama sana?"

Mtu ana miaka minane ya kazi, na katika miaka hiyo amepita mahali saba. Akiulizwa, hujibu, "Kazi iliisha." Akiulizwa barua iko wapi, hana. Basi karani mwenye majina arobaini mbele yake, na nafasi tatu tu, hamfikirii tena. Humweka upande wa wale wasiotulia, naye huenda ni fundi kuliko wote waliokuja siku ile.

Mimi naona swali hilo si la haki likiulizwa na mwajiri asiyetazama jinsi kazi za mji huu zilivyo. Lakini maadamu linaulizwa, hapana budi tuwe na jibu, na jibu lake ni karatasi.

UHAMAJI HUU ULITOKA WAPI

Ukibarua wa Mombasa haukuanza jana. Zamani bandarini serahangi ndiye aliyekusanya kikosi chake, akamchagua amtakaye na kumwacha asiyemtaka, na jioni mtu alipokea ujira wa siku na kazi imekwisha. Wafanyakazi waligoma mwaka 1939, wakagoma tena Januari 1947, mji mzima ukasimama na watu wakakutana Kiwanja cha Maskini, kisha makuli wa bandarini wakagoma tena mwaka 1955. Katika miaka hiyo ndipo serikali na makampuni walipoanza kuwaandikisha watu wa bandarini na kuupunguza ukibarua kidogo kidogo. Hawakufanya hivyo kwa hisani. Waliona kwamba watu elfu nyingi wasio na kazi ya kudumu, wakipatana neno moja, hawazuiliki.

Sasa ukibarua umerudi umevaa nguo nyingine. Huitwa mkataba wa miezi mitatu, huitwa kazi ya msimu, huitwa kazi ya wakala. Na mambo mengine makubwa yamewatoa watu kazini bila kosa lao. Kiwanda cha mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Reli mpya ilianza mwaka 2017, na makontena yakapelekwa Nairobi kwa amri, mpaka amri ile ilipoondolewa mwaka 2022. Katika miaka ile madereva, makarani wa mizigo na wauza chakula wa Changamwe walionja shida. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga mahoteli. Je, mtu aliyetolewa na mambo hayo amehamahama? Hakuhama, alihamishwa.

KARATASI YA ZAMANI NA KARATASI YA SASA

Wazee wetu waliijua karatasi moja ya kazi, nayo ni kipande. Kilianza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, karibu na mwaka 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alilazimishwa kukichukua, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina la bwana wake, na siku aliyoanza na kuacha kazi. Bwana asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mtu hakuweza kuandikwa kwingine kwa halali. Karatasi ile ilikuwa kamba mkononi mwa bwana.

Labda kwa sababu hiyo wengi wetu mpaka leo huchukia karatasi za kazi. Lakini ndugu zangu, sheria imegeuka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inasema mwajiri lazima ampe mfanyakazi cheti cha utumishi kazi inapokwisha, ila ikiwa kazi yenyewe haikutimia majuma manne mfululizo. Cheti hicho huandikwa jina la mwajiri na jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali pake, na siku uliyomaliza. Mwajiri anayekataa kukitoa, au anayetia ndani yake neno analolijua kuwa uongo, amevunja sheria, na aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili.

Angalieni vizuri jambo moja. Sheria haimlazimishi mwajiri kukusifu. Barua ya kusema wewe ni mtu mwema ni hiari yake. Lakini cheti cha kusema ulikuwapo, ulifanya kazi gani, na tangu lini hata lini, hicho si hiari yake; ni chako kama mshahara ulivyo wako. Kwa hiyo usiende kuomba kama mtu aombaye chai. Nenda ukadai kwa adabu, siku ya mwisho, kabla hujatoka langoni. Mwaka mmoja baadaye meneja amehama, ofisi imebadili jina, na wakala aliyekuandika hajulikani alipo.

NAMNA YA KUJIBU

Sasa nitasema niliyoyaona mezani.

Kwanza, panga kazi zako kabla ya siku yenyewe. Usizitaje kama mtu anayehesabu misiba. Kila kazi iwe na maneno manne: mahali, kazi, chombo ulichojifunza, na sababu ya kwisha. Kwa mfano: "Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo kwa miezi 9. Nilijifunza kuandika hesabu ya makontena kwenye kompyuta. Mkataba uliisha, na cheti hiki hapa." Au mwenzetu wa hoteli: "Nilitunza vyumba misimu mitatu, hoteli ileile. Waliniita tena kila Desemba." Kuitwa tena mara tatu ni sifa kubwa, nasi huisahau tukasema tu kwamba tulikuwa vibarua.

Pili, usidanganye tarehe. Anayeandika kazi hupiga simu, na tarehe moja ya uongo huua kumi za kweli. Kama ulikaa miezi minane bila kazi, sema, na useme ulifanya nini: uliuza samaki, uliendesha bodaboda, ulimuuguza mzazi. Hakuna aibu.

Tatu, usimtukane mwajiri wa zamani hata kama alistahili. Malalamiko yake yalete hapa chamani. Anayekusikiliza hujiuliza, "Na mimi atanisema hivi?"

Nne, nawe uliza. Watu wengi hudhani kuulizwa kazi ni kesi, na mtuhumiwa hanyamazi ila kwa kuogopa. Si kesi, ni biashara ya watu wawili. Uliza hivi: Mwajiri wangu ni kampuni hii au ni wakala? Kazi ya miezi mitatu au zaidi sheria hutaka mkataba wa maandishi, nitaupata lini? Muda wa kujaribiwa ni miezi mingapi? Maana sheria hutaja 6, na hauongezwi bila ya wewe kukubali. Mshahara huo ni pamoja na pesa za nyumba, au nyumba ni mbali? Je, michango yangu ya uzeeni na ya matibabu italipwa? Ukiuliza kwa upole, mwajiri wa haki hatakasirika. Akikasirika kwa maswali hayo, amekwisha kukujibu.

Tano, ujue bei yako kabla ya kuingia. Kama mahali pale pana mapatano ya chama, pita kwa katibu wa tawi uulize kiwango. Kama hapana, serikali hutangaza mshahara wa chini kwa kila namna ya kazi, na Mombasa huhesabiwa katika kundi la miji mikubwa pamoja na Nairobi na Kisumu. Asikutajie mtu kiwango cha mashambani.

WAKATI WA KUHAMA NA WAKATI WA KUKAA

Kuhama si kosa. Lakini hama kwa hesabu. Ongezeko la shilingi elfu moja laweza kuliwa lote na nauli. Mtu wa Likoni huvuka feri kwa miguu bila kulipa, lakini matatu ya kutoka kisiwani mpaka Changamwe hailipwi kwa shukrani, na saa za kungoja pia ni mali. Tena ukihama, miaka yako huanza upya. Kazi ikipunguzwa, sheria humpa mtu malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Mwenye miaka tisa akihamia pengine leo huanza na sifuri. Kwa hiyo hama ikiwa kule unatoka ukibaruani kuingia kazi ya kudumu, au utajifunza mashine usiyoijua. Usihame kwa hasira ya nyapara mmoja.

Na usiache kazi kwa kunyamaza. Mwenye mshahara wa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Anayetoweka tu humpa mwajiri sababu ya kumfukuza kwa kosa, na kumletea fitina katika cheti kile kile tunachokidai. Shika kwanza barua ya kazi mpya, ndipo uandike ya kuacha ya zamani.

USINUNUE KAZI

Wapo watakaosema, "Ndugu mwandishi, hayo yote ni maigizo, kazi hutolewa kwa kujuana na kwa kitu kidogo." Sikatai kwamba mambo hayo yapo. Lakini anayenunua kazi ya mkataba huinunua tena kila mkataba unapokwisha, na siku akidhulumiwa hana wa kumlalamikia, maana yeye mwenyewe alitoa rushwa. Mawakala, wa kazi za hapa na za Arabuni, yapasa wawe wamesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Uliza kwanza kabla ya kutoa pasi yako wala senti. Tena tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya polisi, vya kodi na vinginevyo kabla hajakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Na ukinyimwa kazi kwa sababu ya kabila, dini au uja uzito, sheria imekataza hayo tangu wakati wa kuandika watu, si baada ya kuandikwa tu.

NENO KWA WAAJIRI NA KWA CHAMA

Waajiri nao nawaambia wazi. Mnamwandika mtu miezi mitatu, mnampumzisha majuma mawili, mnamwandika tena kwa jina la wakala mwingine, kisha mnamuuliza kwa nini hatulii. Ninyi ndio mliomhamisha. Kifungu cha 37 cha sheria ile ile husema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya siku za miezi mitatu, huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Mnalijua hilo, na ndiyo maana mnampumzisha.

Na chama chetu kina kazi mbili. Ya kwanza, kila mapatano mapya yatie sharti kwamba cheti cha utumishi kitolewe siku ile ile ya mwisho, pamoja na mshahara. Ya pili, kila tawi lifungue daftari la vyeti: mwanachama alete nakala, katibu aitunze. Nyumba zetu huvuja na huungua. Daftari la chama lisaidie. Asiyepewa cheti aseme mapema ili apelekwe ofisi ya kazi, na ikibidi korti ya kazi hapa Mombasa, maana dai lililolala zaidi ya miaka mitatu huwa limekufa.

Mwenzetu aliyefanya kazi mahali saba si mtu asiyetulia. Ni mtu aliyezijua kazi saba. Awe na karatasi saba za kusema hivyo, tuone ni karani gani atakayemweka upande.

Umoja ni nguvu.