Tuwakumbuke Askari Wetu Bila Kuwafilisi Wajane Wao



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi wetu, miezi hii ya Aprili na Mei, ambayo kwetu ni ya masika, nchi nyingi huitumia kuwakumbuka waliokufa vitani. Australia na New Zealand huwakumbuka wao tarehe 25 Aprili. Uholanzi hukaa kimya jioni ya tarehe 4 Mei. Marekani, ambako wakati huo maua yanachanua baada ya baridi, walianza tarehe 30 Mei 1868 kupamba kwa maua makaburi ya askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na sasa siku hiyo ni Jumatatu ya mwisho ya Mei. Lakini kwa Wamarekani wengi siku hiyo imegeuka kuwa ya kuchoma nyama, na makaburi huenda wachache.

Tusiwacheke. Sisi nasi tuna askari wetu na tuna sufuria zetu. Uganda ilipeleka askari Somalia Machi 2007, na Burundi ikafuata Disemba ya mwaka huo huo. Tarehe 3 Mei 2022 kambi ya Warundi ya El Baraf ilishambuliwa, na wapo waliorudi nyumbani ndani ya majeneza. Tarehe 26 Mei 2023 ikashambuliwa kambi ya Waganda ya Buulo Mareer, na Rais Museveni mwenyewe alitangaza kuwa askari 54 waliuawa. Kwa hiyo kila masika inapofika, ziko nyumba katika mitaa yetu zinazohesabu mwaka mwingine bila baba au bila kijana wao.

Siasa za vita hivyo tunawaachia wenyewe. Nia yetu ni kusema juu ya jambo moja lililo mikononi mwetu, nalo ni chakula kinachopikwa kwa jina la marehemu.

HALI ILIVYO

Tunajua sote mambo yanavyokwenda. Maiti huzikwa, na kabla machozi hayajakauka huanza hesabu ya siku ya tatu, ya saba, ya arobaini, kisha mwaka. Kila siku ina ng'ombe au mbuzi wake, magunia ya mchele, makreti ya soda, maturubai na viti vya kukodi. Jirani zetu Wakristo nao wana siku zao za kumaliza matanga, na gharama yao haipungui yetu. Mjane huambiwa, "Mumeo alikuwa askari, mtu wa heshima, usimwaibishe." Hukopa dukani, hukopa kwenye kikundi cha akina mama, na akiishiwa hukopa kwa kutegemea fedha za fidia. Fidia haijafika, nusu yake imeshaliwa.

Jioni wageni huondoka, na wali uliobaki humwagwa kwa sababu hakuna barafu la kuuhifadhi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula madukani, mahotelini na majumbani, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Tukisoma takwimu kama hiyo hudhani wanasemwa matajiri wa Ulaya. Na tujiulize, ule wali wa arobaini uliomwagwa nyuma ya nyumba ulikuwa wa nani?

Liko zito zaidi ya israfu. Askari akifa akaacha watoto wadogo, alichoacha ni mirathi, na ndani yake mna fungu la mayatima. Hakuna ami wala shangazi mwenye ruhusa ya kulitumia fungu hilo kulisha wageni. Sote tunaijua aya ya 10 ya Suratun Nisaa na onyo lake kali kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Watoto wetu huisoma madrasa asubuhi, kisha mchana tunakaa nao mkekani tunakula kile kile ilichotuonya.

CHAKULA CHA WATU WA JA'FAR

Mwaka wa 8 Hijria, yaani 629 Miladia, Mtume (S.A.W.) alituma jeshi Mu'tah, katika nchi ya Sham. Viongozi watatu waliuawa mmoja baada ya mwingine: Zayd bin Haritha, Ja'far bin Abi Talib na Abdullah bin Rawaha (R.A.). Ja'far alikuwa mtoto wa ami yake Mtume, na aliacha mke, Asma bint Umays, pamoja na watoto wadogo. Habari zilipofika Madina, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu waipikie chakula familia ya Ja'far, kwa sababu imefikwa na jambo linaloishughulisha. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah.

Tazameni sufuria ilikuwa inatoka wapi kwenda wapi. Ilitoka kwa jirani ikaenda kwa mfiwa. Sisi tumeigeuza, inatoka kwa mfiwa inakwenda kwa jirani. Na huyo Ja'far ni shahidi, ni mtu wa nyumba ya Mtume. Kama karamu kubwa ya mjane ndiyo heshima ya askari aliyekufa, nani alistahili zaidi yake?

WALIOKUFA VITANI KWA NJAA

Wanafunzi wetu wajue pia historia ya ardhi hii. Katika masika ya mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji lilivuka kutoka Kongo, likaingia Kigali tarehe 6 Mei, na tarehe 19 Septemba likaiteka Tabora. Waingereza nao walikuwa wakiwasukuma Wajerumani kutoka upande wa Kenya. Majeshi yote hayo yalitegemea wapagazi, watu waliobeba vyakula na risasi kwa vichwa na mabega. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara na maradhi mengine, wakilishwa unga wa mahindi usioiva sawasawa, hali kwao walizoea ndizi, mtama au wali.

Nyuma yao mashamba yalikosa watu na maghala yalichukuliwa na majeshi. Rwanda iliingia katika njaa inayokumbukwa kwa jina la Rumanura, na Ugogo, katikati ya Tanganyika, ikapatwa na njaa iitwayo Mtunya. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliachwa bila kuandikwa majina au bila kukumbukwa kabisa.

Basi wafu wengi wa vita wa nchi hizi ni wafu wa njaa. Hatuwezi kusema tunawaenzi huku tunamwaga chakula.

MAJIRANI ZETU NAO WANALIJUA HILI

Katika mitaa kama Buyenzi ya Bujumbura na Nyamirambo ya Kigali, Muislamu na Mkristo wanaishi ukuta kwa ukuta. Wana wao huvaa sare moja na hufa siku moja. Mashindano ya karamu nayo ni ya mtaa mzima, na upande mmoja hauwezi kuyamaliza peke yake. Ndiyo maana tunasema tukae na majirani tulizungumze, maana msingi wa kukubaliana upo.

Taurati, katika Kumbukumbu la Torati 20:19, inalikataza jeshi linalozingira mji kukata miti ya matunda, na wanachuoni wa Kiyahudi wakalipanua katazo hilo hadi kwenye kila uharibifu wa chakula na mali. Sayyidna Abu Bakr (R.A.), alipomtuma Yazid bin Abi Sufyan Sham, alimuusia asikate mti wenye matunda wala asichinje kondoo au ngamia ila kwa kula, na usia huo umo katika Muwatta ya Imam Malik. Kama askari aliye vitani amewekewa mpaka juu ya mti na mnyama, sisi tulio salama majumbani tuna udhuru gani?

Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huacha nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa na katika mfungo wao mrefu kabla ya Pasaka. Masingasinga katika mahekalu yao hupika chakula kisicho na nyama na kumlisha yeyote aingiaye, wote wamekaa chini safu moja, ili asiwepo wa kujiuliza kama chakula hiki kinamfaa. Hatusemi tuchukue ibada za wengine. Tuna yetu, Alhamdulillah. Lakini jirani asiye Muislamu akifiwa, chungu cha maharage na ndizi tutakachompelekea kitaliwa na kila aliyepo, na kesho naye atatuletea sisi bila ya yeyote kuuliza nani kachinja.

"WATU WATASEMAJE?"

Wako watakaosema kuwa hitima ni mahali pa kumuombea marehemu, na masikini hupata kula. Dua hatuipingi, wala kulisha masikini. Dua haihitaji ng'ombe. Na masikini wa kwanza katika nyumba ile ni yatima mwenyewe. Wengine wataogopa maneno ya watu. Maneno hayo hudumu wiki moja, deni hudumu miaka. Na wanaosema ni sisi wenyewe, kwa hiyo kunyamaza nako kumo katika uwezo wetu.

Tunapendekeza haya:

1. Siku tatu za mwanzo majirani wapike kwa zamu, na nyumba ya mfiwa isiwashe moto kwa ajili ya wageni.

2. Kipikwe kinacholimwa hapa na kwa kipimo cha watu waliopo: maharage, ndizi, mihogo, mboga. Kitakachobaki kigawiwe kabla hakijachacha.

3. Mali ya marehemu isiguswe mpaka madeni yake yalipwe na fungu la kila mrithi lijulikane.

4. Aliyetaka kutoa ng'ombe kwa jina la askari, amkabidhi mjane mbuzi wawili wa kufuga. Au apande miti ya miparachichi na miembe mvua hizi hizi zikiwapo. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa anachokula ndege, mtu au mnyama katika mmea wa Muislamu huandikwa sadaka. Na Saad bin Ubada (R.A.), mama yake alipofariki, alimtolea sadaka bustani yake.

5. Kila mwaka siku hizo zikifika, maimamu na viongozi wa makanisa mtaani wakutane na familia za askari wote, waulize watoto wanasoma wapi na wanakula nini.

Mti uliopandwa masika hii, kwa uwezo wa Allah, utazaa wakati yatima yule ana umri wa kuupanda na kuchuma. Atakula, atauza, na atajua baba yake alikumbukwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu maiti wetu, awape subira wajane na mayatima, azijaalie nchi zetu amani na mvua zenye kheri, na atuepushe na israfu na kula haki ya yatima. Amin.

Wabillahi tawfiq.