Msumeno wa meza: ile meza ya kuteleza inastahili hela yako?

Wengi wetu tulio nje tuna fundi mmoja nyumbani tunayemwekezea: mdogo wako, shemeji, au yule binamu aliyesoma useremala VETA. Akishaanza kupata kazi anaomba mashine, na siku hizi haombi kwa maneno, anatuma picha WhatsApp. Msumeno wa meza, pembeni una kitoroli kirefu cha alumini kinachokwenda mbele na nyuma. Hiyo ndiyo meza ya kuteleza, na hapo bei inaruka mara kadhaa. Msimamo wetu ni huu: mafundi wengi tunaowatumia hela hawaihitaji. Wachache wanaihitaji kweli, na hao wanunuliwe nzima, siyo nusu.

Tuanze na kazi yake. Ukipasua mbao kwa urefu, iwe mninga au mvule, mbao inasukumwa ikiegemea ile reli ya pembeni, yaani fensi. Meza ya kuteleza hapo haisaidii kitu. Fundi anayetengeneza vitanda, milango na fremu za madirisha anashinda siku nzima kwenye kazi hiyo. Anachohitaji ni fensi isiyoyumba, mota yenye nguvu, na kile kisu kilichosimama nyuma ya bledi kinachozuia mbao isibane ikarushwa kumgonga tumbo. Mafundi wengi hung'oa kisu hicho siku ya kwanza. Mwambie akirudishe.

Bodi ndiyo kesi nyingine. MDF ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, ina karibu kilo 40. Kuisukuma peke yako juu ya meza ndogo ikae sawa na fensi ni mateso, na ikipinda kidogo tu kabati lote linakwenda upande. Kwenye meza ya kuteleza bodi inalala juu ya kitoroli, inakwenda nacho, na kona inatoka nyuzi 90. Mashine kubwa za aina hii zina pia kibledi kidogo mbele, kinachozunguka kinyume na bledi kubwa, kinachanja uso wa chini kwanza ili melamini isimeguke. Kama kijana wako anafunga makabati ya jikoni na ya nguo wiki hadi wiki, hiyo siyo anasa.

Lakini hebu tuulize anaiweka wapi. Mashine yenye kitoroli cha mita 3.2 inataka nafasi ya zaidi ya mita 6 kwa urefu, maana kitoroli kinaenda pande zote mbili za bledi. Uzito wake ni mamia ya kilo, na nyingi zinadai umeme wa njia tatu. Kibanda cha kukodi chenye umeme wa njia moja hakiibebi. Na ukiisafirisha kwenye kontena, reli ikigongwa ikapinda, umelipia meza ya kuteleza isiyoteleza sawa.

Kuna wanaosema basi tununue kile kimeza kifupi cha kufunga pembeni ya msumeno wa kawaida. Sisi hatukipendi. Kwa vipande vifupi kinafaa, ila kwa bodi nzima hakifiki, na kwa vipande vifupi fundi anaweza kujitengenezea sledi ya plaiwudi siku moja: ubao tambarare, vipande viwili vya mbao ngumu chini yake vinavyoteleza kwenye mifereji ya meza, na ukuta ulionyooka wa kuegemeza kazi. Inakata kona safi kabisa, na gharama yake ni vipande vilivyobaki karakanani.

Kwa bodi nzima, mnunulie msumeno wa mkono wa mviringo na reli yake ya kunyooshea. Bodi inalazwa chini juu ya mbao chakavu, msumeno ndio unaotembea. Vipande vikishakuwa vidogo vinaenda kwenye meza. Tena mijini maduka mengi ya bodi yanakukatia palepale na kubandika ukingo, kwa hiyo fundi mwenye kabati moja kwa mwezi hana sababu ya kumiliki mashine hiyo. Hela inayobaki inunue bledi mbili nzuri, ya meno 24 ya kupasulia na ya meno 60 au 80 ya bodi. Bledi butu inaharibu kazi hata kwenye mashine ya bei mbaya.

Jambo la mwisho, hasa kwa walio Marekani na Saudia. Umeme wa huko ni hezi 60, nyumbani ni 50. Mota ya kawaida ya karakana iliyoundwa kwa 60 itazunguka pole pole zaidi nyumbani na inaweza kupata joto kupita kiasi. Zile ndogo za volti 120 za Marekani ukizichomeka kwenye 230 zinaungua. Walio Oman, Emirates, Qatar na Uingereza wana hezi 50, wako salama zaidi, ila wasome kibati cha mota kabla ya kulipa.

Kabla hujatuma hata senti, mwombe fundi akutumie picha za kazi kumi za mwisho alizolipwa. Hesabu ngapi ni za bodi. Halafu akupimie urefu wa karakana.