Kabla Hujakusanya Visu

Wewe kijana wa Babati unayetaka kuanza kukusanya visu vya jadi, najua utaanzia wapi: Opinel, kisu cha kukunja alichobuni Mfaransa Joseph Opinel mwaka 1890. Mpini wa mti, bei ya kawaida, hadithi ya wakulima wa milimani. Sina ugomvi na kisu hicho. Ugomvi wangu ni na neno "jadi" linalolazimika kuvuka bahari ndipo tulikubali.

Visu vya kwetu havikunjwi. Hukaa kwenye ala. Wahunzi wa Kidatoga bado wanavifua, wengine huko Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Msumari unageuka chembe cha mshale wa Mhadzabe. Kufuli bovu linayeyushwa, linakuwa bangili. Hakuna kiwanda. Kuna moto, mvukuto na mkono.

Na hapa ndipo tunapokwepana macho. Wahunzi hao, ukoo wa Gidang'odiga, wametengwa vizazi na vizazi. Kwa desturi, Wadatoga wengine hawaoani nao. Kisu tunakitaka, aliyekifua tunamkalisha mbali. Kisha tunakitundika ukutani na kuandika chini yake jina la kabila, kana kwamba kabila zima lilishika nyundo.

Basi anza na daftari. Andika nani alikifua, kwa chuma gani, alifundishwa na nani. Mlipe bei aliyotaja. Usimpunguzie kama fungu la nyanya mnadani. Ukishindwa hayo, kanunue Opinel. Hiyo angalau ina jina la aliyeitengeneza.