Kila chenye uchungu si kinini

Kuna watu wanaosema kwamba fujo ya majina ya majani ya bustani inatoka kwa wingi wa lugha zetu. Wanataka shuleni tuache majina ya wazee, tufundishe ya Kifaransa tu, eti hayo njo yanaeleweka na wote. Sisi tunaofundisha biolojia tunakataa. Fujo ipo, lakini wanamshitaki asiye na kosa.

Tuanze na sombe. Mtu wa Bukavu anasema sombe, wa Kinshasa pondu, wa Kasai matamba, kule Brazzaville saka-saka, na Watanzania kisamvu. Majina matano, mmea mmoja: muhogo, Manihot esculenta. Nani aliumia juu ya majina hayo kuwa matano? Mama wa kila fasi anajua kwamba majani hayo yana sumu, na kwamba lazima kuyatwanga na kuyachemsha sana mbele ya kula. Majina yanaachana, lakini elimu ni moja.

Hatari inaanza pale jina moja linapobebeshwa mimea mingi. Na mara nyingi jina hilo ni la kuazima. Siku moja tuliomba wanafunzi walete «oseille» tuliyosoma kitabuni. Wamoja wakaleta ngai-ngai, wengine kile kijani kidogo cha majani matatu kinachoota kati ya maharagi, kwa kuwa nacho ni kikali mdomoni. «Oseille» ya kitabu ni Rumex. Ngai-ngai ni Hibiscus sabdariffa. Kile kidogo ni Oxalis. «Épinard» ni vilevile: sokoni ni lengalenga, yaani Amaranthus, lakini kitabu kinachora Spinacia. Mtoto anatoka shuleni akizani mboga ya mama yake ni kivuli tu cha mboga ya Ulaya.

Hapo bado tunaweza kucheka. Kwa kinini hatucheki tena. Kinini ya kweli inatoka katika ganda la mti wa quinquina, uliolimwa huku Kivu tangu wakati wa Wabelgiji. Lakini leo kila jani lenye uchungu linaitwa kinini: mubirizi (Vernonia amygdalina), artemisia, hata ile tithonia ya maua ya manjano tunayopanda kama lupango. Mubirizi hauna kinini ndani yake. Artemisia annua ina dawa nyingine kabisa, artemisinini, na mwaka 2019 OMS ilisema haishauri kutibu malaria kwa chai ya majani yake.

Mama wa mwanafunzi wetu mmoja alituambia: «Mwalimu, nilishamupa kinini ya ku lupango, nikangoja.» Alingoja siku tatu. Mtoto alifika hospitali akiwa hasemi tena. Alipona, lakini si wote wanapona. Mama huyo hakudanganywa na jina mubirizi. Alidanganywa na jina kinini, lililotoka kwenye kopo la dawa na kubandikwa kwenye jani.

Watatujibu kwamba hata majina ya wazee yanabadilika kutoka kilima hata kilima. Ni kweli. Ndiyo sababu kuna jina la Kilatini, kwa mpango uliowekwa na Linnaeus katika kitabu chake cha 1753. Lakini hilo halikuja kufukuza jina la kwetu. Yanakaa pamoja: moja linaeleza ni mmea gani, lingine linaeleza namna watu wetu walivyoujua.

Basi tunaomba kila mwalimu afungue daftari na wanafunzi wake, waende kwa bibi zao. Waandike jina la kwetu, jina la jirani, jina la sayansi, sehemu inayotumiwa, na hatari yake. Mambo matano tu. Tukichelewa, wazee watakwenda na majina yao, na sisi tutabaki na kinini katika kila lupango na malaria katika kila nyumba.