Ukoo wa Mume Mskoti Haununuliwi: Anza na Simu kwa Mama Mkwe



Siku ya posa ya binti yangu, mzee mmoja wa upande wa mwanamme alimaliza kahawa yake taratibu, akaweka kikombe, akauliza: "Kwa mama tunakujueni, nyinyi wa hapa hapa. Kwa baba ni watu gani?" Mume wangu akajibu, "Uskoti." Mzee akatikisa kichwa, akangoja. Hakukuwa na la kuongeza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kina mama wenzangu, nikaona haya. Miaka 26 nimeolewa na mtu huyu, na nilichokijua kuhusu kwao ni jina la mji, Dundee, na kwamba bibi mmoja alifanya kazi kiwandani.

Posa ilikubaliwa, alhamdulillah. Lakini swali la yule mzee lilibaki na mimi. Ndiyo maana leo nazungumza na nyinyi mlioolewa na waume waliosilimu kutoka mbali, na nyinyi mabibi harusi mnaojiandaa kuolewa nao. Maoni yangu ni haya: kuujua ukoo wa Kiskoti hakuhitaji pesa nyingi, na anayeanza kwa kulipa mara nyingi hupotea njia. Nayasema haya kwa sababu nilianza kwa kulipa.

Pesa zangu za upatu zilikuwa zimekuja, na nusu yake ilikuwa ya vitambaa vya harusi. Nikaona tangazo la tovuti ya kutafuta ukoo, majaribio bure. Nikaandika namba ya kadi. Usiku ule ule nikakuta shajara ya ukoo imeshapangwa na mtu nisiyemjua, majina yamefuatana mpaka miaka ya 1600. Nikafurahi, nikayachapisha yote. Muda wa majaribio ukapita mimi nimeshughulika na mafundi wa magauni, wakakata ada ya mwaka mzima. Ijumaa iliyofuata nikampigia mama mkwe simu ya video, nikamsomea. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," alisema, "huyo si bibi yangu. Ni jina lake tu."

Kisha akaniambia bibi yake alikuwa nani. Ilichukua nusu saa, na haikugharimu kitu.

Mama mkwe wangu ana miaka 87. Siku hizi anasahau alichokula asubuhi, lakini jina la mtaa aliozaliwa mama yake analitaja bila ya kusita. Kwa hiyo, mwenzangu, kabla hujafungua tovuti yoyote piga simu. Uliza majina kamili, uliza mama zao waliitwa nani kabla ya kuolewa, uliza waliishi mji gani, nani alizikwa wapi. Mwombe wifi yako apige picha nyuma ya zile picha za zamani, maana huko ndiko watu walikoandika tarehe. Andika kila kitu, hata lile linaloonekana la upuuzi. Kumbukumbu za serikali zitakuwepo na mwakani. Mzee hatuna ahadi naye.

Ukishakuwa na majina mawili matatu ya uhakika, nenda kwenye vya bure. Tovuti rasmi ya serikali ya Uskoti inaitwa ScotlandsPeople. Kujiandikisha ni bure, na kutafuta kwenye orodha ni bure pia: utaona jina, mwaka na wilaya ya usajili. Unacholipia ni kuiona picha ya ukurasa wenyewe. Unanunua salio kama unavyonunua vocha ya simu, na kila picha inakata kiasi chake. Kwa miaka mingi picha moja ya cheti imekuwa pauni 1.50, haifiki bei ya kikombe cha kahawa mkahawani kwao. Hakuna ada ya mwezi inayokukata ukiwa umelala.

Usajili wa serikali Uskoti ulianza tarehe 1 Januari 1855, na hapa kuna jambo lililonifurahisha kama mwanamke. Cheti cha kifo cha Uskoti kinaandika majina ya wazazi wote wawili wa marehemu, na mama anaandikwa kwa jina la ubini wake. Cheti cha ndoa kinaandika wazazi wote wa bwana harusi na wote wa bibi harusi. Jirani zao Waingereza, kwenye vyeti vyao vya ndoa, walikuwa wakiandika baba tu mpaka mwaka 2021.

Kuna na zaidi. Mwanamke wa Kiskoti, kwa desturi ya zamani, hakulipoteza jina la kwao kwa sababu ya kuolewa. Mawe mengi ya makaburi yameandika mke kwa jina la baba yake, na orodha ya vifo inamweka chini ya majina yote mawili. Sisi tunaoambiwa na watu wa ofisini "mbona hutumii jina la mumeo?" tutaelewa raha yake. Kwa Kigaeli, lugha ya milimani na visiwani kwao, *Mac* ni mwana wa, na *Nic* ni binti wa. Nilipomweleza mama yangu mzazi, alisema, "Kumbe nao wana bin na binti."

Desturi hiyo itakuokolea pesa. Wanawake wenye majina ya kawaida wako wengi huko kama akina Fatma walivyo wengi kwetu. Ukimtafuta mtu kwa jina la mume peke yake utapata majina 200. Ukiweka na jina la kwao, pengine atabaki mmoja. Hapo ndipo unapolipa, kwa sababu unamjua unayemlipia.

Na ukilipa, nunua cheti cha kifo kwanza. Wengi hukimbilia cha kuzaliwa, na ndicho nilichofanya mimi. Cha kifo kinakupa umri, mume au mke, wazazi wawili, na aliyekwenda kutoa taarifa, mara nyingi mtoto au mkwe. Kwa picha moja umepanda kizazi kizima. Ila fahamu kuwa kwa kulinda faragha picha za mtandaoni hazifunguliwi mpaka muda upite: miaka 100 kwa vyeti vya kuzaliwa, 75 kwa vya ndoa na 50 kwa vya vifo. Waliokaribu zaidi waulize watu walio hai.

Sensa nayo usiidharau. Ilifanywa kila miaka 10, na zilizo wazi ni kuanzia 1841 mpaka 1921. Kuna kundi la kujitolea, FreeCEN, limenakili sehemu ya sensa za karne ya 19 na kuziweka bure. FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni wa Marekani, ina orodha kubwa ya waliozaliwa na kubatizwa Uskoti. Unafungua akaunti bure. Kwa zama za kabla ya 1855 utategemea vitabu vya parokia za Kanisa la Uskoti, na vitabu hivyo vina mapengo. Usiyajaze mapengo kwa kubuni.

Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka ramani za zamani bure kabisa. Unaukuza mtaa mpaka unaona nyumba, kiwanda na kisima. Imeweka pia vile vitabu vya posta vilivyoorodhesha wakaazi na wenye maduka wa miji. Na kuna hazina ya sauti iitwayo Tobar an Dualchais, yenye wazee wa zamani wakisimulia na kuimba kwa Kigaeli na Kiskoti. Mume wangu alipomsikia bibi mmoja wa kisiwa cha Skye akizungumza, alitoka nje ya chumba. Babu wa babu yake alitoka Skye, na sensa ya 1881 ilimwandika kuwa anazungumza Kigaeli. Lugha hiyo haikumfikia mume wangu hata neno moja.

Sasa nikuonyeshe nilichokipata kwa picha moja ya kulipia. Dundee ulikuwa mji wa juti, ile nyuzi ya magunia iliyoletwa kwa meli kutoka Bengal, na wafanyakazi wengi wa viwandani walikuwa wanawake. Bibi yake mama mkwe yumo kwenye sensa ya 1911, miaka 33, kazi yake mfumaji wa juti. Mwaka ule wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa watoto wangapi hai, na wangapi bado wapo. Kwake imeandikwa: 7. Kisha: 4.

Nilipomsomea mama mkwe alinyamaza. Akasema yeye alijua mmoja tu aliyekufa, kwa sababu mama yake alikuwa akimtaja. Wawili hakuwajua. Tukawatafuta kwenye orodha, bure, tukawapata wote: wawili hawakufika mwaka, mmoja alikufa na miaka mitatu. Akaomba niyatamke majina yao polepole ayaandike. Ile shajara ya kulipia ilikuwa na watu 300, na hao watoto watatu hawakuwamo.

Najua atatokea wa kuniambia, "Ada ya mwaka inakupa kila kitu pahala pamoja, inaokoa muda." Kwa anayefanya kazi hiyo kila siku ni kweli. Lakini wengi wetu tunataka vizazi vinne au vitano, tuwajue watu wetu. Kwa hilo salio dogo linatosha. Tena maktaba nyingi za umma huko Uskoti zinawafungulia wanachama wake hizo tovuti kubwa bila ya malipo. Wifi yangu alikwenda Jumamosi moja na daftari akarudi na ndoa tatu. Edinburgh na Glasgow kuna vituo ambavyo kwa ada ya siku moja unatazama picha za ScotlandsPeople bila ya kuhesabu. Ukiwa na wifi huko, una zaidi ya kadi ya benki. Na kazi hiyo ilituunganisha, maana kabla yake tulikuwa tukiandikiana salamu za Idi na mwaka mpya tu.

Pesa nyingine inayopotea ni ya vyeti vya ukoo vya mapambo, vyenye nembo na kitambaa cha mirabaraba. Zamani watu waliokaa kwenye ardhi ya mkuu wa ukoo wengi walichukua jina lake bila ya kuwa damu yake. Jina la ukoo peke yake si nasaba. Na kipimo cha mate cha kutafuta asili nakiweka mwisho kabisa: kinakupa asilimia na orodha ya binamu wa mbali, hakikwambii nani alimlea nani. Tena taarifa hiyo ni ya watoto wako pia, na wao hawajaulizwa.

La mwisho ni lile ninaloulizwa kwa sauti ya chini: "Watu wenyewe hawakuwa Waislamu, ya nini kuwachimba?" Mimi si mwanachuoni. Lakini dini yetu imetufunza kumnasibisha mtu na baba yake mzazi, na aliyesilimu halazimiki kuwafuta waliomzaa. Bi Asma binti Abubakar aliambiwa na Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, amuunge mama yake ilhali mama huyo bado hajasilimu. Mama mkwe wangu hajasilimu. Ananiita "mwanangu" kila Ijumaa, na watoto wangu wanaujua mlio wa kicheko chake. Huo ni udugu, na udugu unaungwa.

Na Waskoti si wageni wa kisiwa hiki. Dokta John Kirk, balozi wa Waingereza hapa Unguja karne ya 19, alizaliwa Barry, si mbali na Dundee, mwaka 1832. William Mackinnon, ambaye meli za kampuni yake zilitia nanga hapa kwetu, alitoka Campbeltown. Huenda wapo wanaosoma haya ambao Uskoti umo kwenye damu yao na hawana pa kuanzia.

Wiki mbili kabla ya harusi tulimtembelea yule mzee. Mume wangu akamtajia baba, babu, baba wa babu, mpaka yule wa Skye, na upande wa mama mpaka mfumaji wa Dundee. Mzee akasikiliza, akasema, "Sasa tunajuana." Kisha akauliza wale watoto watatu waliokufa waliitwa nani.

Basi mwenzangu, saa za huko ziko nyuma yetu kwa mbili wakati wa joto lao na tatu wakati wa baridi. Ukishaswali Isha, kwao bado ni jioni na wazee wako macho. Weka daftari karibu, piga simu. Kadi iache ndani ya mkoba.