Machozi ya Maria

Juma hili nilikaa katika kibanda cha chai Bulla Pesa, mjini Isiolo, karibu na kina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Walikuwa wameiinamia simu ya binti mmoja wakitazama Maria, ile tamthilia ya Citizen TV iliyoanza 2019, ambamo Yasmin Said ni msichana wa mtaa wa mabanda anayempenda Luwi, kijana wa nyumba ya kitajiri. Mama mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Haikupita robo saa, mama huyohuyo akawa anaeleza kwa nini posa ya mpwa wake imerudishwa: kwao kijana hakuna mifugo. Chai ilinishinda. Shangazi yangu naye alikatazwa mpenzi wake kwa neno hilohilo, na hadi leo jina la mtu yule halitajwi nyumbani kwetu. Na mifugo yenyewe ni nini? Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilitunyima misimu mitano mfululizo, na waliokuwa na zizi zima wakabaki na kamba mkononi. Mali yenye miguu huondoka na kiangazi. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinaiweka ndoa juu ya hiari ya wawili wanaooana. Zizi la baba hakilitaji. Kumlilia Maria wa runinga huku ukimliza wa nyumbani mwako ni ukatili. Mama, safu hii ikikufikia, mwiteni yule kijana arudi.